Mama Chiriku Anaombwa Kibandani

3 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha vumbi la vitambaa kimekuachia? Mimi sijambo, mikono tu ndiyo inawaka kwa joto la pasi. Hoteli imejaa wageni na mashuka hayaishi. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua mwenyewe: nikipiga, Chiriku anaiweka sauti ya juu na mtaa mzima unachangia mazungumzo.

Mama, nimepata nyumba. Vyumba viwili, choo ndani, na shule iko ng'ambo ya barabara. Mwalimu mkuu amekubali kumpokea Chiriku Januari. Kwa hiyo lile tulilokuwa tukilizungumza tangu mtoto anaachishwa ziwa limefika. Namtaka mwanangu akae na mimi.

Najua siwezi kuja kumbeba kama furushi. Ana miaka saba na hanijui vizuri. Nakuja likizo, nakaa siku chache, akianza tu kunizoea naondoka. Ananiita Dada kwa sababu amekua akimsikia mjomba wake akiniita hivyo. Wewe anakuita Mama, na mtaa mzima unakuita Mama Chiriku. Sisemi ni kosa la mtu. Nasema tu kwamba sitaki kumpeleka shule Januari nikaandikwa kuwa dada yake.

Nimefikiria hivi. Huku kuna ufuko ambao mpiga pasi mwenzangu hupeleka wanawe. Ni ghuba ndogo, imezungukwa na majabali pande mbili, na mbele kuna ukuta wa mawe unaovunja mawimbi, hivyo maji yakiingia ndani yamekwisha kutulia kama ya kwenye beseni. Mtoto anatembea mpaka anachoka na bado maji hayajamfika kiunoni. Kuna bembea, kuna miavuli ya kukodi, kuna walinzi wenye filimbi, na kibanda chenye kipaza sauti kwa ajili ya watoto waliopotea. Ni familia tupu, walevi hawaruhusiwi. Njoo naye mwezi ujao mkae wikiendi. Uniache nicheze naye majini mimi peke yangu, aizoee mikono yangu. Na kabla hamjaja, anza kumfundisha kuniita Mama. Pole pole tu.

Tafadhali usije na mtaa mzima, na usije na masufuria.

Mwanao


20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, kila asubuhi yananikumbusha kwamba hayajaenda popote. Kikohozi kimepungua. Chiriku ni mzima na mdomo wake haujapumzika tangu ulipoondoka. Mwalimu amemhamisha dawati, akamweka ukutani ili asiwe na wa kuongea naye. Sasa anaongea na ukuta.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Nyumba nimeifurahia. Bahari sijaielewa. Mimi nilichojua ni kuwa watu wenye akili zao wanaoga bafuni. Lakini umesema maji yametulia, basi tutakuja nikaone mwenyewe huko kutulia kwake.

Umesema nisije na masufuria. Mtoto ale nini, mchanga? Nitakuja na moja.

Nguo ya kuogelea usinunue. Zile za dukani nimeziona, kitambaa chake ukikivuta kinalia. Mimi nashona sare za shule tangu hujazaliwa, siwezi kushindwa na kigauni cha kuingilia majini. Nina kipande kizuri cha buluu, kile kizito kisichochuja hata ukifue kwa majivu. Nimemkatia kifupi, nikaweka na marinda na mfuko mmoja wa leso. Alipokijaribu hakutaka kukivua, amekwenda nacho mpaka kwa fundi viatu kujionyesha.

Hilo jingine nimelisikia. Mtoto hamezeshwi neno kama kidonge. Nitajaribu.

Mama yako


19 Novemba

Mama,

Shikamoo. Najua mmefika salama kwa sababu Chiriku alinipigia akanisimulia safari nzima, pamoja na mzee aliyekoroma mbele yenu. Mimi sijambo. Hapana, si kweli. Sina raha, na nikinyamaza nitapasuka.

Sina neno na sufuria, ingawa uliahidi moja yakaja matatu. Sina neno na jirani yako fundi viatu, aliyekuja kukusaidia kubeba kisha akalala siku nzima chini ya mwavuli niliokodi mimi. Hata kigauni nilijitahidi kukicheka. Kiliponyonya maji, Mama, kilikuwa kizito kumshinda mtoto mwenyewe. Kila akitaka kukimbia nami majini kinamvuta, anakaa kitako, anakataa kunyanyuka. Mfuko umejaa mchanga. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa miezi, na nusu ya asubuhi yangu iliishia kwenye kukamua marinda.

Neno langu ni la kibandani. Wewe mwanzo wake hukuwepo, ulikuwa bombani unasugua sufuria. Mimi nilikwenda kununua maji ya kunywa, nikamwachia fundi viatu mtoto. Narudi, fundi viatu anakoroma na Chiriku hayupo. Unakumbuka siku ile palikuwa na wanafunzi waliokuja matembezi, wote wana sare za buluu. Mlinzi alimwona mtoto wa buluu mwenye marinda anazurura peke yake, akamkaripia kidogo, akamwingiza kwenye mstari wa wenzake. Akapewa yai na juisi, akala, akapiga soga. Mwalimu alipohesabu watoto ndipo akagundua amezidishiwa mmoja, akampeleka kibandani.

Nikasikia kipaza sauti: "Mama Chiriku anaombwa kibandani. Mama Chiriku." Nilikimbia, Mama. Nilipaswa kukimbia kwa hofu, lakini nitakwambia ukweli, nilikimbia kwa furaha. Tangu nimzae sijawahi kusikia jina hilo likitajwa mbele za watu halafu wa kuitika ni mimi.

Nikafika nahema. Mlinzi akamuuliza mtoto, huyu ndiye mama? Chiriku, yai bado liko mdomoni, akasema hapana, huyu ni Dada, Mama anaosha sufuria. Nikasema mimi ndiye mama yake, nimemzaa mimi. Mlinzi akanitazama, akamtazama na mtoto, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Dada, hapa tunamkabidhi mzazi tu. Naomba tumsubiri mama." Nikasubiri. Nilikaa kwenye benchi la watoto waliopotea, mwanangu yuko kando yangu, na mlinzi ameweka mguu wake mlangoni nisije nikamwiba.

Ndipo ukaja na sufuria lako linadondoka maji. Akakuuliza, mama, na huyu binti ni nani? Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Wewe ukasema, "Wote wawili ni wanangu." Akacheka, akakukabidhi mtoto, mkaondoka mmeshikana mikono. Mimi nikawafuata nyuma na chupa zangu za maji.

Naomba uniambie kwa nini.

Mwanao


7 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mvua inanyesha na paa la jikoni limerudia mchezo wake wa kila mwaka.

Kwanza kigauni. Kitambaa kile hakina kosa lolote. Mvalishe darasani uone kama hakitamfikisha darasa la tano. Usikitukane kitambaa kwa sababu ya makosa ya bahari.

Pili, ulitaka niseme nini mbele ya yule kijana na filimbi yake, na nyuma yangu watu wamesimama kutega masikio? Nianze kupanga nani alizaa na nani alilea, na mtoto ananisikiliza? Nilichokisema si uongo. Wote wawili ni wanangu. Ulipougua surua nilikesha, na yeye alipougua surua nilikesha. Nionyeshe tofauti.

Na usidhani sikumfundisha. Kabla ya safari nilimkalisha, tukiwa tunakula, nikamwambia: yule unayemwita Dada ndiye aliyekuzaa, yeye ndiye mama yako, sasa utamwita Mama. Akatafuna, akafikiri, unajua anavyofikiri mpaka macho yanakuwa madogo. Akaniuliza, "Basi wewe utakuwa nani?"

Nikamwambia amalize kula.

Hilo ndilo jibu langu, na jingine sina mpaka leo. Nikiamka naanza kwa kumwamsha yeye. Nikilala, miguu yake iko kwenye mbavu zangu. Mtu akipiga hodi anaita jina lake ili mimi nitoke. Ukimchukua nitaitwaje? Wewe una jibu la kila kitu, una nyumba na shule ng'ambo ya barabara, nitafutie na jibu la hilo.

Usiniandikie kwa hasira. Hasira yako naijua, umeirithi kwangu.

Mama yako


15 Desemba

Mama,

Shikamoo. Siandiki kwa hasira, nimeisubiri ipoe kwanza. Paa la jikoni mwambie mjomba wake Chiriku alipande, yeye ana mguu mwepesi.

Umeuliza utakuwa nani. Utakuwa Bibi. Ndivyo ulivyo tangu siku aliyozaliwa, ila hatukuwahi kukuita. Wenzako wote pale mtaani wanatambia wajukuu, wewe peke yako bado unajifanya una mtoto wa darasa la pili. Bibi si mtu aliyefukuzwa kazi, Mama. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja ni chenu wewe na yeye ukitaka kuja, na pale dirishani pana mwanga na nafasi ya kutosha cherehani. Hotelini wanahangaika kila siku kutafuta wa kurekebisha mapazia. Sikulazimishi. Najua una wateja wako na mlango wako.

Lakini mtoto nampokea Januari. Mwalimu mkuu ameniambia wazi kwamba nafasi haiwekwi kiporo, asipofika siku ya kufungua anapewa mwingine. Njoo naye Jumamosi ya kwanza ya mwaka, ghuba ile ile. Nguo ya kuogelea nanunua mimi. Fundi viatu abaki na viatu vyake. Nitawasubiri kwenye bembea tangu asubuhi, na safari hii, mtu akituuliza, nakuomba uniite kwa jina langu halisi. Sina ombi jingine kwako mwaka huu wala mwaka kesho.

Mwanao


2 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Jumamosi hatutaweza. Shule zinafunguliwa na wazazi wote wamekumbuka sare wiki hii hii kama kawaida yao, nimezama kwenye kola mpaka shingoni. Halafu mtoto ana mafua, na maji ya baharini na mafua sijui vinapatana vipi. Labda likizo ijayo.

Mama yako


8 Januari

Mama,

Leo salamu nimeziacha.

Barua yako imefika Jumatatu. Jumamosi nilikuwa kwenye bembea. Nilikupigia asubuhi, simu imezimwa. Nikajisemea wako njiani, wameishiwa chaji. Nilikaa tangu walinzi wanafungua mpaka wanashusha bendera. Nilikuwa na ndoo ndogo, kikoleo cha plastiki cha kuchotea mchanga, na nguo ya kuogelea yenye maua. Kwa kukutania wewe niliikagua mishono kabla ya kuilipia.

Maji yalikuwa mazuri, Mama. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na wimbi hata la kulowesha magoti. Baba za watu wamelala wameelea juu ya maji na watoto wamewakalia tumboni. Kila mtoto aliyeita Mama niligeuka. Jioni yule mlinzi wa siku ile akanikumbuka, akaja kuniuliza kama nimepotelewa na mtu. Nikasema ndiyo. Akashika kipaza sauti, akauliza amwite nani.

Nafasi ya shule amepewa mwingine. Mafua yako hata huku, na dawa zake zipo. Kola za watoto wa watu zimekushinda kuziacha, lakini mimi umeweza. Nimechoka kuomba mtoto niliyemzaa mwenyewe. Siombi tena.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Shikamoo hukuiandika, lakini marahaba nimeitikia hivyo hivyo, isije ikapotea njiani. Magoti ni yale yale. Hukuyauliza, ila nakwambia.

Mwezi wa kwanza uliponyamaza nilisema atapoa. Wa pili nikasema ana kazi nyingi. Huu wa tatu nimeshona shati lenye mikono miwili ya kushoto, na mtoto wa watu amelivaa mpaka shuleni kabla mtu hajagundua. Fundi viatu amenicheka, nikamfukuza, akarudi, akaniambia mama, wewe huumwi magoti, unaumwa barua. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amesema kitu cha maana.

Chiriku ameniuliza kama umekufa. Nikamwambia hapana. Akasema, mbona hapigi? Nikatafuta uongo wa kumpa, nikaukosa. Nikamwambia, mama yako amenikasirikia mimi. Hakuuliza mama yupi. Akatafuna weee, macho yakawa madogo, nikajua kinachokuja. "Basi wewe utakuwa nani?" Safari hii sikumwambia amalize kula. Nikamwambia nitakuwa Bibi. Akalijaribu mdomoni, Bibi, Bibi, akacheka, akasema linanifaa kwa sababu ya mapengo yangu ya meno. Mimi nikaingia jikoni nikalia kidogo chini ya lile paa linalovuja, nikanawa, nikarudi kwenye kola.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 12 tutakuwa ghubani. Usitupokee stendi, na ufukweni usije mapema. Nitampeleka mwenyewe kibandani kwa yule kijana wa filimbi, nitamweleza kila kitu, hata yasiyomhusu. Halafu nitakwenda kukaa kwenye mkeka, kule mwisho kwenye majabali. Yeye atatangaza. Ukisikia unaitwa, nenda ukamchukue mwanao. Mimi siji. Hata akilia siji. Nikija, nifukuze.

Karatasi za uhamisho wa shule ninazo, nimezifuata mwenyewe, nikakaa kwenye foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Muhula wa pili bado wanapokea.

Nguo uliyonunua Januari itakuwa imembana, amerefuka ghafla. Nimemnunulia nyingine dukani. Ukiivuta inalia. Sijaipenda.

Bibi yake Chiriku


27 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Na nyingine tena shikamoo, ile niliyoiacha Januari. Ulifika salama? Mjomba mtu ameniambia ulishuka stendi ukapita moja kwa moja kwenye cherehani dukani kwako, hukupita nyumbani kwanza. Nimeelewa.

Sitakudanganya, mambo bado magumu. Chai yangu haina ladha, mkate naukata vibaya, nywele nasuka kama navuta maji kisimani. Hayo ni maneno yake. Usiku anarusha miguu akitafuta mbavu zako, akikuta zangu anaamka analia. Juzi nilimfokea kwa ajili ya kiatu kimoja, nikajifungia chooni nikalia na mimi, naye akakaa nje ya mlango ananiuliza kama na huko kuna ukuta wa kuongea nao. Miezi yote ile niliomba kitu hiki, na kuna jioni natamani mtu aje kunisaidia kukibeba. Shuleni ameshahamishwa dawati.

Lakini nilitaka nikwambie yale ambayo hukuyaona ukiwa kule kwenye majabali. Nilipoingia kibandani mlinzi alikuwa amejiandaa, amevaa hata kofia. Akamuuliza Chiriku mbele yangu, kwa sauti ya ofisini, "Huyu ni nani wako?" Mtoto akanipima kuanzia miguuni mpaka juu, taratibu, mpaka nikahisi mkono wangu hauna pa kukaa. Akasema, "Ni mama yangu, ila bado sijamzoea." Mlinzi akasema hilo linatosha, akatoa mguu wake mlangoni.

Tukaingia majini. Hiyo nguo ya dukani haikumvuta. Alinishika shingo kwa nguvu zote ingawa maji yalikuwa magotini kwangu, akanisimulia habari za mafua yake ya Januari, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho.

Na kuna niliyoyaona ambayo hukujua kuwa nimeyaona. Uliniambia nisije mapema, sikuweza kukutii. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda tangu asubuhi. Nilikuona ukimpangusa mchanga, ukimwachia mkono, ukienda zako bila kugeuka. Kisha kipaza sauti kikasema, "Mama Chiriku anaombwa kibandani." Nikatazama kule kwenye mkeka. Ulinyanyuka, Mama. Na magoti yako yale, ulinyanyuka mara moja, ukavaa kandambili moja, ukapiga hatua.

Halafu ukasimama. Ukakumbuka. Ukaivua ile kandambili, ukaiweka pamoja na mwenzake, ukakaa.

Ndipo mimi nikaenda.

Pale dirishani sijaweka kitu. Chiriku anasema Bibi akija aje na sufuria, lile kubwa.

Mwanao,
Mama Chiriku